Chuma cha Zamani, Breki Mpya

Anayetaka baiskeli ya kupandia milima huku mfuko ukiwa mwepesi, awe Lushoto, Morogoro, Kikuyu au Kigali, hukuta sokoni njia mbili. Ya kwanza imepangwa mbele ya duka na inang'aa: baiskeli mpya yenye shokapu mbele na nyuma, breki za diski, gia 21 na rangi za kuvutia, kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuidunduliza. Ya pili haina sura. Ni fremu ya mtumba iliyoshushwa kwenye kontena kutoka Ulaya au Japani, magurudumu yaliyotoka kwenye baiskeli nyingine, krenki iliyotoka kwingine kabisa, na fundi anayejua kuviunganisha. Hoja yangu ni kwamba mwenye fedha kidogo ndiye hasa asiyeweza kumudu njia ya kwanza. Fedha yake iende kwenye fremu nzuri ya chuma iliyokwishatumika, kisha kwenye magurudumu, tairi na breki. Mengine yote yasubiri. Sisemi hivi kwa kupenda vitu vya kale. Mlima huijaribu baiskeli mahali pachache tu, na mtengenezaji wa baiskeli mpya ya bei ya chini amebana gharama papo hapo, kwa sababu ndipo jicho la mnunuzi lisipofika.

Baiskeli ya mlimani yenyewe ilizaliwa kwenye vitu vilivyochakaa. Katikati ya miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin, kaskazini ya San Francisco huko California, walizitafuta fremu nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, baiskeli ambazo wenyewe walikuwa wameshazitelekeza. Wakazivalisha tairi pana, wakazifunga mikono ya breki za pikipiki, na baadaye wakaongeza gia zilizotoka kwenye baiskeli za safari ndefu. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya kwa mara ya kwanza shindano lao la kuteremka lililoitwa Repack, karibu na mji wa Fairfax, kwenye njia ya vumbi inayoshuka takriban mita 400 ndani ya kilomita zisizozidi 4. Breki za kukanyaga nyuma zilipata moto kiasi kwamba grisi ndani ya habu iligeuka moshi, na kila baada ya kuteremka ilibidi habu ifunguliwe na kupakwa grisi upya. Shindano likapata jina kutokana na kazi hiyo. Gary Fisher, Charlie Kelly na Joe Breeze walikuwa miongoni mwa waliokuja kushindana Repack. Walikuwa waendesha baiskeli waliojua spana, na walichokianzisha kiwanda kisingekianzisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekiagiza.

Msomaji makini atanikatiza hapa kwamba historia hiyo inanipinga. Fremu zile za Schwinn zilikuwa nzito, zilipinda na zilivunjika, na ndiyo maana mwaka 1977 Breeze aliunda fremu mpya kabisa kwa ajili ya mlima, Tom Ritchey akafuata kwa kutengeneza fremu nyingine, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaleta Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani kwa wingi. Ni kweli tupu. Lakini fremu ninayomshauri mtu aitafute leo siyo ya mwaka 1938. Ni ile iliyozaliwa baada ya somo hilo kueleweka: fremu za miaka ya 1980 na 1990, za chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni, ambacho mafundi hukiita kromoli. Mabomba yake ni membamba lakini magumu, pembe zake zilipangwa na watu walioteremka milima kwelikweli, na ilikusudiwa kudumu. Huko ilikotoka imeshuka thamani kwa sababu mitindo imebadilika. Sisi hatulazimiki kulipia mitindo hiyo.

Kuitambua fremu ya aina hiyo kwenye lundo la mtumba si uchawi. Kwanza soma kibandiko kilichoko kwenye bomba la chini ya kiti. Maneno kama Tange, Reynolds, Columbus, au maandishi yanayotaja kromoli kwa mabomba yote, ni dalili njema; maandishi ya Hi-Ten ni chuma cha kawaida, kizito zaidi. Kibandiko kikiwa kimebanduka, chomoa nguzo ya kiti usome kipenyo chake, kwa kawaida kimegongwa kwenye chuma. Ikiwa ni milimita 27.2 au 26.8, ukuta wa bomba ni mwembamba na huenda umepata kromoli. Ikiwa ni 25.4, bomba ni nene na fremu ni ya daraja la chini. Nguzo ikikataa kabisa kutoka, achana na fremu hiyo hata kama wanakubembeleza kwa bei. Halafu pitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu na kichwa cha usukani. Rangi iliyojikunja au uvimbe mdogo mahali hapo maana yake baiskeli iligonga kitu kwa mbele, na chuma kimeshajikunja. Angalia nyufa kwenye viungo vya katikati panapopita ekseli ya pedeli, na pale gurudumu la nyuma linaposhikwa. Mwisho, chukua uzi: funga kwenye pembe moja ya nyuma, uzungushe kwenye kichwa cha usukani, urudishe kwenye pembe ya pili, kisha pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, fremu imepinda. Kazi yote hii haimalizi robo saa, na muuzaji asiyekuruhusu kuifanya amekwishakupa jibu.

Kwa nini nang'ang'ania chuma wakati aluminiamu ni nyepesi na haishiki kutu? Kwa sababu ya siku fremu itakapopasuka. Chuma kikiwa kinabebeshwa mzigo ulio chini ya kiwango fulani huweza kustahimili mtikisiko kwa miaka na miaka. Aluminiamu haina kiwango hicho, kila mtikisiko unailimbikizia uchovu kidogo kidogo, ndiyo maana fremu ya aluminiamu iliyotumika sana na mtu usiyemjua ni bahati nasibu. Tena fremu ya chuma ikipata ufa, fundi mwangalifu wa kuchomelea anaweza kuirudisha kazini, na mafundi hao wako karibu kila mji wetu. Fremu ya aluminiamu huhitaji mtambo wa gesi maalumu, na nyingi huhitaji kupashwa moto upya kwa utaratibu wa kiwandani baada ya kuchomelewa ili zirudishe nguvu. Bila hivyo kiungo hubaki laini. Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Nafasi ya gurudumu la nyuma kwenye fremu za zamani ilikuwa milimita 126 au 130, na baadaye baiskeli za mlimani zikakaa kwenye 135. Fremu ya chuma ya 130 inaweza kutanuliwa taratibu ikapokea habu ya 135. Ya aluminiamu haitanuliwi, ukilazimisha, unaipasua. Kuhusu kutu, dawa yake ni rangi na mafuta ndani ya mabomba kabla ya masika.

Baada ya fremu, sehemu kubwa kabisa ya fedha iliyobaki iende kwenye magurudumu. Rimu iwe ya aluminiamu, hata kama ni ya mtumba. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu, ambayo bado imejaa kwenye baiskeli za bei ya chini, ikilowa maji raba za breki huteleza juu yake, na kwenye mteremko wa udongo mwekundu baada ya mvua hilo si jambo la kujaribia. Spoku ziwe 32 au 36, na fundi azikaze kwa kulinganisha mlio: spoku za upande mmoja zikigongwa zitoe sauti inayokaribiana. Habu za zamani zinazotumia gololi zilizo wazi hudharauliwa na wauzaji, ilhali kwa mwenye fedha kidogo ndizo bora. Habu za Shimano za aina hiyo, kwa kawaida, hubeba nyuma gololi 9 za robo inchi kila upande, na mbele gololi 10 ndogo zaidi. Gololi mpya ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa kwenye baiskeli nzima, na ukizibadilisha pamoja na grisi kabla vikombe havijachubuka, habu itaishi kuliko rimu tatu.

Kwenye tairi watu hupoteza fedha kwa kosa moja: kununua kwa kusoma inchi tu. Tairi ya baiskeli ya mlimani iliyoandikwa 26 x 2.1 hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 559. Tairi iliyoandikwa 26 x 1 3/8 ni ya rimu ya milimita 590, na kwenye rimu ya 559 haitakaa. Hali kadhalika, tairi ya inchi 28 ya baiskeli ya Phoenix ni ya milimita 635, wakati ile inayoitwa inchi 29 ni ya milimita 622. Hapo namba kubwa ndiyo tairi ndogo. Namba ya milimita huandikwa ubavuni mwa tairi, na hiyo ndiyo ya kuamini. Chagua yenye upana wa 2.1 au zaidi ikiwa fremu ina nafasi, kwa sababu upepo uliomo ndani ya tairi pana ndio shokapu ya kwanza ya baiskeli, na ya bei ndogo kuliko zote.

Hapo ndipo nafika kwenye pingamizi zito kuliko yote, kwamba baiskeli ya mlimani isiyo na shokapu si baiskeli ya mlimani. Anayesema hivyo ana haki upande mmoja: shokapu nzuri, yenye mafuta ndani yanayotuliza mrejeo wa springi, huliweka gurudumu ardhini na kumpumzisha mwendeshaji mikono. Lakini shokapu iliyoko kwenye baiskeli mpya ya bei ya chini haina mafuta hayo. Ni springi ndani ya bomba; ikigonga jiwe hubonyea, kisha humrusha mwendeshaji juu wakati anapohitaji gurudumu litulie. Ina uzito wa takriban kilo 2.5, maradufu ya foki ya chuma isiyo na shokapu, na baada ya muda huanza kucheza kushoto na kulia. Ya nyuma ni mbaya zaidi, kwani viungo vyake huzunguka kwenye bushi za plastiki zinazolika, na sehemu ya nguvu unayokanyagia ukipanda mlima huishia kuibonyeza springi. Huko Marekani baadhi ya baiskeli za maduka makubwa zenye sura hiyo huuzwa na kibandiko kinachoonya zisiendeshwe nje ya barabara. Kwa upande mwingine, walioshindana Repack hawakuwa na shokapu ya maana, na foki ya kwanza ya RockShox, iliyofungua zama za shokapu kwenye mchezo huu, haikuingia sokoni hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Zaidi ya miaka kumi ya mchezo ilipita kwa foki ngumu, tairi pana na magoti yanayojua kukunjika. Akiba ikipatikana baadaye, shokapu nzuri iliyotumika inaweza kufungwa kwenye fremu ileile, mradi urefu wake uendane na fremu.

Wengine watasema gurudumu la inchi 26 limekufa. Ni kweli kwamba viwanda vikubwa vimehamia 27.5 na 29, na gurudumu kubwa huvuka mawe kwa urahisi zaidi. Sibishani na hilo. Lakini Julien Absalon wa Ufaransa alitwaa dhahabu mbili za Olimpiki, Athens 2004 na Beijing 2008, akiwa juu ya magurudumu ya inchi 26, katika njia ngumu kuliko nyingi atakazopita msomaji wa makala hii. Na kufa kwa kipimo huko Ulaya si kufa kwake hapa. Tairi na tyubu za inchi 26 ndizo zinazopatikana hata kwenye duka la vipuri la mji mdogo, wakati mwenye gurudumu la 27.5 akipasua tairi mbali na jiji atasubiri basi limletee nyingine. Kwa anayehesabu kila shilingi, kipuri kilichopo ni bora kuliko kipuri bora kisichopo.

Pingamizi jingine linanigusa zaidi, kwa kuwa linatoka kwa watu wanaoupenda mchezo: kwamba kuwashauri vijana wetu waunde baiskeli za mabaki ni kuwahukumu kubaki nyuma. Kwenye mashindano ya kimataifa, hoja hiyo ni ya haki. Adrien Niyonshuti wa Rwanda, aliyebeba bendera ya nchi yake London mwaka 2012 na kumaliza wa 39 katika mbio za baiskeli za mlimani kule Hadleigh Farm, asingefika huko kwa fremu ya jalalani. Alihitaji timu, makocha na vifaa vya kisasa. Ila tazama ngazi zilivyopandwa. Tom Ritchey, yuleyule aliyetengeneza fremu za mwanzo California, alifika Rwanda mwaka 2005, akakuta watu wanateremka vilima kwa baiskeli za mbao walizochonga wenyewe, na juhudi alizozianzisha zikasaidia kuzaa timu ya taifa ya baiskeli. Kikuyu, nje ya Nairobi, David Kinjah amelea vijana kwa miaka mingi wakitumia baiskeli na vipuri vilivyokwishatumika, na mmoja wa waliojifunza kwake alikuwa Chris Froome, aliyekuja kushinda Tour de France mara nne. Kijana anayejua kwa nini habu yake inalia, na anaweza kuifungua na kuifunga, hajabaki nyuma ya yule aliyenunuliwa baiskeli asiyojua kuifungua. Baiskeli bora atahitaji siku moja. Leo anahitaji ya kuanzia.

Breki ndiyo sehemu ambayo sitaki mtu abane fedha hata kidogo. Mtumba uishie kwenye mikono na vyuma. Raba, nyaya na mifuko ya nyaya viwe vipya, vyote, siku ya kwanza. Breki za V, ambazo Shimano ilizileta mwaka 1996, zinatosha kwa milima mingi, raba zake zinapatikana kila mahali, na kuzirekebisha hakuhitaji zaidi ya spana ndogo. Breki nzuri za diski huzishinda kwenye matope, nakubali. Za bei ya chini zinazovutwa kwa waya hazina ubora huo, na za mafuta zikivuja zinahitaji mafuta ya aina yake hasa. Ukitia mafuta yasiyo yake, raba za ndani huharibika. Tahadhari moja ambayo hata mafundi wazoefu huisahau: mkono wa breki za V huvuta waya mrefu zaidi kuliko mkono wa breki za zamani zilizotangulia. Ukichanganya, utapata ama breki isiyoshika kabisa, ama inayogota ghafla.

Gia sitazizungumzia sana, kwa kuwa ndizo zinazopewa heshima kupita kazi yake. Idadi haimpandishi mtu mlimani. Kinachompandisha ni uwiano mdogo kabisa. Meno 22 mbele na 34 nyuma, kwenye gurudumu la inchi 26, huisogeza baiskeli takriban mita 1.3 kwa mzunguko mmoja wa pedeli, na kwa hilo mtu wa kawaida anaweza kupanda mteremko mkali bila kushuka. Mtungo wa sproketi 7 unaofika meno 34 ni wa bei ya chini, na kishikizo cha zamani cha gia kisicho na hatua za kugonga kitauendesha bila kujali umetoka kampuni gani. Mnyororo uwe mpya, kisha upimwe kwa rula: viungo 12 kamili ni inchi 12. Vikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha mnyororo. Ukisubiri mpaka vizidi kwa sehemu ya nane, utanunua na sproketi pia.

Yapo maonyo mawili ambayo anayetetea njia hii lazima ayaseme mwenyewe. La kwanza ni la gharama. Ukinunua kipande kimoja kimoja, leo krenki, wiki ijayo usukani, kesho kutwa nguzo ya kiti, jumla inaweza kupita bei ya ile baiskeli inayong'aa bila wewe kujua. Kwa hiyo tafuta kwanza baiskeli nzima ya mtumba yenye fremu nzuri, hata kama imechoka, kwa kuwa inakuja na vitu vidogo ambavyo vikikusanywa dukani ni ghali. La pili ni la wizi. Baiskeli zilizoibwa huingia sokoni zikiwa zimevunjwa vipande, na fremu iliyokwanguliwa namba chini ya ekseli ya pedeli isinunuliwe kwa bei yoyote. Dai risiti au maandishi ya muuzaji yenye namba hiyo. Soko la mtumba linaloaminika ni mali ya kila mtu asiye na fedha ya kitu kipya, na kila anayenunua cha wizi analiharibu.

Baiskeli ikishaunganishwa, usiipeleke mlimani moja kwa moja. Iendeshe kwanza siku kadhaa kwenye barabara ya kawaida, kwa sababu spoku mpya na nyaya mpya hujivuta, na krenki za aluminiamu zinazokaa kwenye ekseli ya pembe nne hulegea kidogo zinapojipanga mahali pake. Bolti za krenki zikazwe tena mapema, hasa ya kushoto. Krenki ikiendeshwa ikiwa imelegea, tundu lake la pembe nne hupanuka, na likishapanuka hakuna kukaza kunakosaidia tena. Magurudumu nayo yarudishwe kwa fundi yanyooshwe mara ya pili, huku upepo wa tairi ukiwa kati ya psi 30 na 40 kwa mtu wa uzito wa wastani. Ndipo waweza kuanza kuzoea mteremko, kwa breki ya mbele na ya nyuma pamoja, kabla ya mvua.